Vifungo Vitano, Matundu Sita

Dada yangu mkubwa ni mshonaji huko Nyamirambo, Kigali. Kibanda chake kina cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na kamba ya kutundikia nguo zilizokwisha. Siku chache kabla ya Idi, mteja mmoja, mama wa makamo, alikuja kuchukua gauni lake akamkuta ameinamia simu, kidole kiko hewani kama cha mtu anayetafuta tundu la sindano. Mama yule akachungulia, akaona chumba kilichochorwa, kabati, saa ya ukutani iliyosimama. "Dada, mtu mzima kama wewe na gemu? Ndiyo maana nguo zetu haziishi." Dada yangu hakujibu. Alipeleka mkono nyuma bila kugeuka, akalitungua gauni la mama huyo, lililokwisha tangu jana yake, limepigwa pasi, akampa. Kisha akarudi kwenye kabati lake.

Mimi niliyekuwa kwenye benchi nasubiri chai ndiye niliyepandwa na hasira. Jibu ambalo yeye hakulitoa nalitoa hapa, na najua akilisoma atasema nimelirefusha mno.

Kauli ya mama yule si yake peke yake. Nimeisikia kwenye foleni ya basi Nyabugogo, nimeisikia harusini, nimeisikia redioni na kwenye mawaidha. Inakwenda hivi: gemu za simu ni za watoto na wavivu, mtu mzima anayezicheza anaikimbia kazi, anaikimbia familia, anayakimbia maisha. Na zile anazozipenda dada yangu zimejitia kitanzi zenyewe, maana zinaitwa michezo ya kutoroka. Unataka ushahidi gani tena? Mshtakiwa kakiri kwa jina lake mwenyewe.

Mimi nasema mshtakiwa kasingiziwa, na jina ndilo shahidi wa uongo.

Kwa asiyewahi kuucheza, mchezo wenyewe ni huu. Unajikuta ndani ya chumba, mlango umefungwa. Hakuna anayekufukuza, hakuna wa kumpiga risasi, hakuna saa inayokuhesabia. Unagusa droo, inafunguka au inakataa. Unainua mto, chini yake kuna betri. Betri inaingia kwenye tochi uliyoiokota jikoni, tochi inamulika nyuma ya kabati, nyuma ya kabati kuna namba nne za chaki, namba nne zinafungua kasha, na ndani ya kasha kuna bisibisi. Bisibisi nayo itataka skrubu yake. Kila ulichokiona kina kazi, na kila kazi ina kifaa chake humo humo ndani. Sauti, kama ipo, ni kinanda cha polepole, au mvua inayonyesha nje ya dirisha usiloweza kulifungua. Baada ya nusu saa, au saa nzima ukiwa mzito kama mimi, mlango unafunguka. Mchezo umekwisha. Neno hilo, umekwisha, nitalirudia huko mbele, maana lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana.

Michezo hii haikuzaliwa kwenye simu. Mwaka 2001 ulitokea kwenye intaneti mchezo uitwao Mystery of Time and Space. Mwaka 2004 Mjapani Toshimitsu Takagi akatoa Crimson Room, chumba chekundu chenye kitanda, droo na mlango usiofunguka, na watu wa nchi nyingi wakakesha nacho kwenye kompyuta. Yote miwili ilitengenezwa kwa Flash, programu iliyoachwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na baada ya hapo vyumba vingi vidogo vya aina hiyo vikabaki vimefungwa, safari hii kwa kweli. Mwaka 2007 Takao Kato wa Kyoto, akiwa na kundi lake la SCRAP, aliutoa mchezo kwenye kioo cha kompyuta akauweka ndani ya chumba cha kuta na dari, na leo katika miji mingi mikubwa duniani kuna watu wanaolipa ili wafungiwe ndani. (Bibi yetu angecheka hadi akohoe. Kulipa, kisha ufungiwe?) Halafu mwaka 2012 kampuni ndogo ya Uingereza, Fireproof Games, ikatoa The Room: kasha la mbao na shaba juu ya meza, unaligeuza kwa kidole, unavuta kitasa, unazungusha ufunguo. Hapo ikaonekana kwamba makao ya mchezo huu ni simu, maana kwenye simu mkono unagusa kitu chenyewe. Wajapani nao hawajachoka kuitengeneza michezo ya namna hii. Mingi ni ya bure, na mingi haina hata neno moja la kusoma. Fundi wa Nyamirambo na mchoraji wa Japani hawana lugha ya pamoja, ila wote wawili wanajua droo inavyokwama.

Sasa turudi kibandani. Mama wa gauni alipoondoka, nilimsogelea dada nikaona anaucheza mchezo uleule ulionishinda mimi. Nilikuwa nimekwama siku mbili. Nyuma ya mlango wa chumba kile kulikuwa na koti limetundikwa. Nilikuwa nimeligusa pengine mara thelathini: mfuko wa kulia mtupu, mfuko wa kushoto una tiketi ya gari moshi, basi, nikaachana nalo. Dada yangu alilikuza kwa vidole viwili, akaguna.

"Koti hili limeshonwa vibaya."

"Vibaya vipi, dada?"

"Hesabu. Vifungo vitano. Matundu sita."

Nikahesabu. Kweli. Akarudi sebuleni, akakunja pembe ya zulia, na kifungo cha sita kilikuwa pale, kidogo, cheusi, kimegeuzwa chali. Mgongoni mwake kulikuwa na namba. Namba ile ndiyo iliyofungua kasha lililonizuia siku mbili. Hakusherehekea. Alisema tu kwamba aliyeishona ile nguo alipaswa kukiona kabla ya kuitoa dukani.

Huyo ndiye mtu anayeambiwa anatoroka. Mimi nilikuwa natafuta ufunguo, na kwa sababu hiyo koti sikuliona. Yeye alitazama koti. Anayetaka kutoroka hukodolea macho mlango, na mchezo huu unamwadhibu mtu wa namna hiyo: ubonyeze mlango mara mia, hauendi popote. Unakulazimisha ukae. Unakulazimisha uulize kwa nini picha hii imepinda, kwa nini ndege wawili wanatazama kushoto na mmoja kulia, kwa nini saa imesimama saa nne na robo. Nimewaona wachezaji wengi mlango unapofunguka. Sijaona hata mmoja aliyeruka kwa furaha kama mfungwa aliyeachiwa. Wengi hutoa sauti ndogo, "aa", kama mtu aliyeamshwa usingizini, na mtu hatoi sauti hiyo akitolewa mahali alipokuwa anapachukia.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kinachomkalisha ndani. Jawabu langu ni kwamba chumba kile kinatoa kitu kisichopatikana kwa urahisi katika siku ya kawaida ya mtu wa Kigali: hakika kwamba tatizo lina jibu, jibu lipo karibu, na ukiangalia vizuri utaliona. Mshonaji hana hakika kwamba mteja atalipa. Motari, kama tunavyomwita dereva wa pikipiki, hana hakika ya abiria wa jioni. Mama anayepeleka mtoto hospitali hana hakika ya majibu ya vipimo. Ndani ya chumba kile hakuna kazi ya bure. Hata kipande cha karatasi kilichochanika kina mwenzake. Kuitamani hali hiyo kwa nusu saa si kuyakimbia maisha. Anayeitamani anajua vizuri sana jinsi maisha yasivyo hivyo.

Na sisi tunaosema Kiswahili tulikuwa na chumba hiki kabla hata ya umeme. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Watoto wa mtaa wa Biryogo tulijibu "yai" kabla hatujajua kuandika majina yetu, na jirani zetu upande wa pili wa ua walikuwa na yao kwa Kinyarwanda: Sakwe sakwe! Soma! Nyumba isiyo na mlango. Tufikirie hilo kidogo. Watu wetu walijenga chumba kilichofungwa, wakakupa dalili moja tu, wakakuacha humo uhangaike.

Na ukishindwa? Unatoa mji. "Nipe mji," anasema mtegaji, nawe unampa Bujumbura, au Mombasa ukiwa mkarimu, naye anaupokea, anatamba jinsi alivyofika huko akapokewa na kukirimiwa, ndipo anakupa jibu. Mchezo wa simu una utaratibu uleule bila kujua umeutoa wapi: ukikwama unagusa alama ya taa, unatazama tangazo la sekunde thelathini, unapewa dokezo. Zamani ulitoa mji, leo unatoa nusu dakika ya macho yako. Dada yangu hatoi. Anaweza kukaa na droo moja siku nne, anaiwaza akiwa anakata kitambaa, anaiwaza kwenye foleni ya maji, na anaponipigia simu saa tatu usiku najua kabla hajasema chochote kwamba droo imefunguka.

Najua hoja inayokuja hapa, na ndiyo bora kuliko zote za wapinzani wangu: vitendawili vilichezwa na watu wengi, kando ya moto, bibi akiwa katikati. Simu inachezwa na mtu mmoja, kichwa chini. Bao lina watu wawili na watazamaji kumi wanaojua kuliko wachezaji. Igisoro, ndugu yake bao hapa Rwanda, lenye mashimo 32 na kete 64 vilevile, haliwezi kuchezwa kimya hata ukitaka. Kwa nini basi nilinganishe?

Ningeweza kujibu kwamba hata simu huzunguka. Kibandani kwa dada, mwanafunzi wake wa ushonaji ndiye mtaalamu wa namba, mwenzake wa cherehani ya pili ana macho ya kuona picha iliyopinda, na mimi ni mtu wa kulaumiwa. Ni kweli, lakini sitaki kushinda kwa kupitia mlango wa nyuma. Ukweli ni kwamba mara nyingi anacheza peke yake. Anacheza baada ya Isha, watoto wamelala, mwanga wa simu umepunguzwa hadi mwisho. Na hapo ndipo nadhani tumefika kwenye kiini cha lawama, ambacho hakisemwi kwa sauti. Kinachowakera watu ni kumwona mwanamke aliye peke yake, aliyejishughulisha na jambo ambalo halimhusu mtu mwingine yeyote. Habari ya muda uliopotea ni kisingizio.

Kama ingekuwa habari ya muda, tungeuhesabu kwa haki. Jumamosi jioni baa na vibanda vya mpira vya Nyamirambo hujaa wanaume. Dakika tisini za uwanjani, kumi na tano za mapumziko, na saa nzima ya kubishana baadaye. Tangu mwaka 2018 jezi za Arsenal zilipoanza kubeba maneno ya kuitangaza Rwanda, kuitazama Arsenal kumekuwa karibu sawa na uzalendo. Sina ugomvi na mpira. Mimi mwenyewe nimo humo na nimepiga kelele hadi sauti imekauka. Lakini sijawahi kumsikia mtu akimwambia mwanamume mwenye watoto wanne, "Mzee, mtu mzima kama wewe na mpira?" Wala wazee wanaocheza dama chini ya kivuli tangu Adhuhuri hawaambiwi wanayakimbia maisha. Huambiwa wanapumzika. Wamestahili.

Mji wetu una shida na mapumziko yasiyoonekana. Nasema mji wetu kwa upendo, siuhami. Lakini tazama jinsi unavyopumzika. Jumapili za siku isiyo na magari, zilizoanza mwaka 2016, mji hupumzika kwa kukimbia, umevaa fulana zinazofanana, kuna mtu mwenye kipaza sauti anahesabu moja, mbili, tatu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tuko kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, majembe mkononi. Tangu mwaka 2006 kuna imihigo, ahadi za kazi zinazopimwa, na lugha ya malengo imeshuka kutoka ofisini hadi mezani kwetu. Nina jirani anayewauliza watoto wake malengo ya likizo. Matunda yake yanaonekana, barabara ni safi na mambo yanakwenda. Ila mazoea hayo yametufundisha kwamba pumziko nalo lazima lionyeshe ripoti. Umepumzika, sawa, umepata nini? Umepunguza kilo ngapi?

Hata serikali, ambayo hakuna atakayeishuku kwa uvivu, ilikwisha kuona kwamba watu wanahitaji kupumua. Baraza la Mawaziri liliamua mwezi Novemba 2022 kwamba kuanzia Januari 2023 saa rasmi za kazi ziwe saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na ustawi wa familia ukatajwa miongoni mwa sababu. Saa hizo hazimhusu mshonaji. Yeye hana saa rasmi; ana mteja na mteja mwingine, na katikati yao ana dakika kumi na mbili zisizotosha kulala, zisizotosha kwenda nyumbani, zisizotosha kuanza suruali mpya. Mama wa gauni alidhani dakika hizo ziliibwa kwenye nguo yake. Muda ule ulikuwa umekwisha kupotea kabla simu haijawashwa. Dada aliuokota.

Sasa niwajibu wale wanaotia kila kitu cha simu katika kapu moja. "Leo gemu, kesho kubeti," aliniambia mzee mmoja ninayemheshimu, na nilinyamaza kwa sababu ya mvi zake. Hapa sinyamazi. Kubeti ni biashara iliyosukwa ili isiishe. Ukishinda unarudi kwa sababu umeshinda, ukishindwa unarudi ili ukomboe kilichokwenda, na hakuna namna ya kuangalia vizuri zaidi itakayoubadilisha mpira uliogonga mwamba. Chumba chenye fumbo kimesukwa ili kiishe. Hakikuahidi fedha, hakichukui fedha, na ukikimaliza hakina cha kukupa tena. Ndiyo maana nilisema nitalirudia neno lile, umekwisha. Simu ya dada yangu ina nafasi ndogo. Akimaliza mchezo anaufuta ili apate pa kuweka picha za mishono. Taja kitu kingine kwenye simu yako ambacho umewahi kukimaliza. Umewahi kuimaliza WhatsApp? Umewahi kufika mwisho wa video fupi, ukaambiwa zimekwisha, nenda kalale? Wanaomcheka dada yangu na chumba chake wanatelezesha kidole juu, juu, juu, hadi saa sita usiku, na hawaiti hilo gemu kwa sababu tu halina jina la gemu.

Wengine huja na Shirika la Afya Duniani. Gemu ni ugonjwa, wanasema, limeandikwa. Limeandikwa kweli: toleo la kumi na moja la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, lina tatizo la uchezaji wa michezo ya kielektroniki. Lakini someni mlichokishika mkononi. Kinachoelezwa pale ni mtu aliyeshindwa kujizuia, aliyeutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote ya maisha, anayeendelea huku anaona unamuumiza, hadi kazi na nyumba vinaharibika, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 hivi. Watu hao wapo na wanastahili tiba. Mshonaji aliyemaliza gauni siku moja kabla si mmoja wao. Ukimwita kila anywaye maji mlevi, siku mlevi wa kweli akianguka mlangoni utakosa jina la kumwita.

Kuhusu watoto sina mengi. Mtoto apewe muda, muda ukiisha simu irudi kwa mwenyewe. Hilo lilikuwa kweli kwa televisheni, na lilikuwa kweli kwa mpira wa makaratasi barabarani.

Nina neno pia na watetezi wa upande wangu, maana baadhi yao wananiaibisha kuliko wapinzani. Hawa ndio wanaokimbilia kusema michezo hii inanoa ubongo, inaongeza kumbukumbu, inamfanya mtu kuwa hodari kazini. Ni kama mtu aliyekamatwa anakula embe na badala ya kusema embe tamu anaanza kuhubiri vitamini. Mwezi Januari 2016 kampuni ya Marekani iliyotengeneza programu ya Lumosity, ya kunoa akili, ilikubali kulipa dola milioni 2 kumaliza mashtaka ya serikali kwamba iliwadanganya wateja kuhusu faida hizo. Mtu anayefungua makasha hamsini ya kwenye simu atakuwa hodari wa kufungua kasha la hamsini na moja. Wengine wanautaja utafiti wa Emily Holmes na wenzake wa Oxford, uliochapishwa mwaka 2009, kuhusu mchezo wa Tetris na picha za mambo ya kutisha zinazomrudia mtu akilini bila kuitwa. Ni utafiti wa heshima, na katika nchi yenye majeraha kama yetu mtu anaelewa kwa nini unashikwa kwa mikono miwili. Lakini ulihusu Tetris, ulihusu filamu walizoonyeshwa watu wa kujitolea, na mchezo ulichezwa muda mfupi baada ya filamu hizo. Hauwezi kuazimwa ili kuhalalisha vyumba vya dada yangu. Kidonda cha nchi hii hakitibiwi kwa droo za kuchora, na mtu asituingize huko ili apate kucheza kwa amani.

Acheni utetezi wa vitamini. Utulivu anaoupata dada yangu hauhitaji cheti cha maabara, kama vile chai ya Biryogo isivyohitaji. Anakaa na kitu kimoja, kwa dakika kumi na mbili, bila kuitwa na kitu kingine. Nimeiona shingo yake inavyolegea. Nimeyaona mabega yakishuka, mabega ambayo tangu saa moja asubuhi yalikuwa yamepandishwa juu ya cherehani kama ya mtu anayesubiri kupigwa.

Kuna lawama moja ambayo nitaibeba pamoja nao, na ninashangaa hawaitoi. Michezo hii ya bure si ya bure. Mingi imejazwa matangazo hadi chumba hakionekani. Unafungua droo, tangazo. Unaokota ufunguo, tangazo. Mingine imeanza kuiga tabia za kamari: sarafu za kununua, uhai unaoisha, kengele inayokuamsha alfajiri kukukumbusha kuna zawadi. Huo ni usaliti wa mchezo wenyewe. Chumba kilikuwa mahali ambapo kila kitu kilichomo kina sababu ya kuwamo, na sasa kimepenyezwa kitu kisicho na sababu isipokuwa fedha. Wachezaji wa mji huu wamejifunza dawa yake, na dawa ni kuzima data kabla ya kufungua mchezo. Bando linabaki, tangazo linakosa njia. Wenzangu wa mawaidha na redio wakitaka vita, vita ni hivi. Waulize kwa nini mama wa watoto watatu, akiinua mto wa kuchora atafute betri, akutane na mwanamume mwenye meno meupe anayemwambia aweke dau.

Juzi dada alisahau kuzima. Nilikuwa benchini, chai mkononi. Katikati ya chumba likaibuka gurudumu la rangi nyingi linazunguka, na sarafu za dhahabu zinamwagika. Akalitazama kwa makini, kama alivyolitazama lile koti. Akalikuza kwa vidole viwili, likakataa kukua. Akahesabu vipande vya gurudumu kwa midomo bila sauti.

"Hiki nacho ni sehemu ya fumbo?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, dada, zima data.